Rundo Lililohama

Mlima hauhami, hata mlevi wa kijijini analijua hilo. Lakini Inspekta Puseletso Ramakatsa alikuwa amepima kwa hatua zake mwenyewe, kisha akamtuma Konstebo Lehata apime kwa miguu yake ya korongo, na wote wawili wakakubaliana: sefika, lile rundo la mawe la Kipito cha Mbweha, halikuwa mahali pake. Daftari la baraza la chifu liliandika hatua mia nne na kumi kutoka jicho la chemchemi. Yeye alihesabu mia nne arobaini na sita.

"Wazee walikuwa na hatua ndefu," alisema Lehata.

"Wazee walikuwa wafupi kuliko wewe. Njoo uone hapa."

Alimwonyesha mahali ambapo nyasi za mlimani, ngumu na za manjano kwa baridi ya Juni, zilikatika ghafla. Palikuwa na duara tupu la udongo mweusi ulioshindiliwa, upana wake kama nyumba ndogo ya mviringo. Chochote kilichokuwa kimekaa hapo kilikaa miaka mingi, kikaondoka juzijuzi. Puseletso alipiga picha tatu na kuandika saa. Ilikuwa saa nne na robo asubuhi.

Mkobani alikuwa na faili mbili. Ya kwanza ilikuwa nene na ilihusu malisho. Rundo hilo ndilo lililogawa nyasi za Ha Sekoati na za Ha Ramosoeu tangu enzi za mababu, na kwa miaka miwili sasa wanaume wa vijiji hivyo walikuwa wakipigana kwa fimbo, kila upande ukiapa kwamba mwenzake ni mwongo. Mmoja alikuwa amepoteza jicho. Faili ya pili ilikuwa na karatasi nne tu. Ilimhusu Seabata, mwanamume wa miaka ishirini na minne, aliyepotea Julai ya mwaka juzi, wiki ileile theluji ilipofunga kipito hicho kwa siku ishirini. Karatasi ya mwisho ilikuwa na mwandiko wa Puseletso mwenyewe: amevuka mpaka kwenda migodini, faili ifungwe.

Aliliona jambo hilo wiki iliyopita, akiwa amekaa na faili zote mbili mezani. Kabla ya theluji ile hakuna aliyegombania rundo. Baada ya theluji, ugomvi haukwisha. Alikwenda barazani kuomba kibali cha kulirudisha rundo mahali pake, na hakumwambia mtu yeyote, isipokuwa Lehata, kwamba hakuwa anatafuta mpaka.

Wakuu wa vijiji vyote viwili walikuwa wamefika, kila mmoja na watu wake kumi, kama kibali kilivyoagiza. Sekoati alikuwa mnene, mcheshi, mwenye kofia ya majani iliyokaa upande. Rundo lilikuwa limeingia upande wa jirani yake, kwa hiyo yeye ndiye aliyepata nyasi, na Lehata alikuwa ameshamhukumu moyoni tangu bondeni.

"Nani anafaidika, Ntate Sekoati?" Puseletso aliuliza, akimwita baba kama ilivyo desturi.

"Mimi. Ndiyo maana konstebo wako ananitazama kama mbwa aliyekutwa na yai mdomoni." Alicheka peke yake. "Rudisheni mawe yenu, 'M'e, mama yangu, hata sasa hivi. Ng'ombe wangu wamekula nyasi za matusi miaka miwili na hawajanenepa."

Lehata alinong'ona kwamba huo ni ujanja. Puseletso alimgeukia mkuu wa pili. Ntate Ramosoeu alikuwa mwembamba, mnyamavu, blanketi lake la kijivu limefungwa vizuri kifuani kwa pini kubwa. Watu walimheshimu. Ndiye aliyekuwa akisuluhisha ndoa za watu.

"Wewe umeibiwa hatua thelathini na sita, Ntate. Nimekuja kukurudishia."

"Lisiguswe."

"Kwa nini?"

"Nimewasamehe."

"Tangu lini? Mwezi wa tatu ulikamata ng'ombe kumi na mmoja wa Ha Sekoati."

"Nimewasamehe leo."

Watu wa Sekoati waliangua kicheko. Ramosoeu alingoja kiishe, kisha akaeleza taratibu kwamba rundo lile lilijengwa kumkumbuka babu yake, aliyekufa kwa theluji akivuka kipito, na kwamba mawe ya wafu hayachezewi kwa sababu ya majani ya ng'ombe.

"Babu yako alifia pale," alisema Puseletso, akionyesha duara tupu. "Hapa lilipo rundo sasa hakufa mtu. Au yupo?"

Ramosoeu alitazama mawingu upande wa kusini, akasema theluji inakuja na watu warudi makwao. Puseletso aliandika jibu hilo kama lilivyo. Kwa miaka kumi na saba ya kazi alikuwa ameona wezi wengi wakikataa kurudisha mali. Mwenye mali anayekataa kurudishiwa alikuwa hajamwona hata mmoja.

Walipokuwa wakijipanga, mwanamke alitokea akipanda kutoka upande wa Ha Ramosoeu, mkongojo mkononi, blanketi begani. Puseletso alimtambua kabla hajauona uso wake. Alikuwa 'Maseabata, mama wa yule kijana aliyepotea, na dada wa Ramosoeu. Kila mwisho wa mwezi alivuka kipito hicho, mwendo wa saa tano, kwenda kituoni kuuliza kama mwanawe amepatikana. Kila mara aliambiwa angoje. Aliyemwambia hivyo mara nyingi alikuwa Puseletso, na kwa kweli alikuwa ameanza kumchoka.

Mama huyo hakushangaa kukuta watu. Alifanya wanachofanya wasafiri wote hapo: aliokota jiwe njiani, akalitemea mate kidogo, akaliweka juu ya rundo na kuomba akute chungu bado kiko motoni aendako. Kisha akasalimia watu wote kwa zamu, wakubwa kwanza. Kaka yake hakumtazama.

Puseletso alimvuta pembeni, akamuuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa miaka miwili nyuma. Ile theluji ilipoanguka, kaka yako alikuwa wapi?

'Maseabata alijibu bila kufikiri. Alikuwa hukuhuku juu, kwenye zizi lake la mlimani, na kondoo. Theluji ilimfungia siku zote ishirini, na aliporudi baridi ilikuwa imemla ncha za vidole viwili. Kabla haijaanza, yeye mwenyewe alimtuma Seabata ampelekee mjomba wake unga. Ramosoeu aliporudi alisema kijana hakufika, labda alibadili njia akaenda mpakani.

"Mbona hukuniambia haya kituoni?"

"Hukuniuliza. Ulimuuliza kaka yangu."

Ilikuwa kweli. Maelezo ya Ramosoeu yalikuwa kwenye faili, karatasi ya pili, yana sahihi: wiki hiyo nilikuwa nyumbani kijijini, kijana alikuwa akizungumzia migodi siku nyingi. Mwanamume alikuwepo, akaulizwa mwanamume, na mama akakaa kwenye benchi. Na aliyeuliza alikuwa mwanamke mwenzake, mwenye nyota begani. Puseletso aliona aibu iliyomwasha masikio, akaifunga faili na kuamuru mawe yaanze kutolewa.

Aliwapanga wawili wawili, mmoja kutoka kila kijiji, ili asitokee wa kusema upande fulani umeficha kitu. Kila jiwe lilipelekwa kwenye duara la zamani kwa mpangilio. Yeye alisimama karibu na kutazama.

Mawe ya juu yalikuwa madogo, ya kutosha kiganja, mawe ya wapita njia wa miaka miwili. Chini yake yalikuja mawe makubwa ya zamani, yaliyoota kuvu kavu kama ukurutu, ya kijivu na ya rangi ya chungwa. Jiwe lililotulia huota ukurutu huo upande ulio wazi tu. Haya yalikuwa na ukurutu ulioelekea juu, chini, kila upande, kama mboga zilizomwagwa kutoka gunia. Rundo zima lilikuwa limevunjwa na kujengwa upya. Hadi hapo hakukuwa na jipya, na Sekoati alilalamika kwamba amekuja kutazama watu wakibeba mawe wakati nyumbani ana pombe mpya ya joala.

Kisha yakatoka mawe ya tabaka la tatu, na mbebaji mmoja akalinusa jiwe lake na kukunja uso. Lilikuwa na samadi iliyokauka upande mmoja, ngumu kama plasta, na masizi juu yake.

"Hili ni jiwe la zizi," alisema.

Kila mtu alilijua hilo kwa kulitazama tu. Hakuna anayepaka samadi jiwe la njiani. Puseletso alimtuma Lehata kwenye zizi la Ramosoeu, chini kidogo ya kipito, naye akarudi baada ya nusu saa akihema. Ukuta wa mashariki ulikuwa na pengo lililozibwa. Mawe ya pengo hilo yalikuwa safi, hayana samadi wala moshi, na pengo lilikuwa na upana wa mtu aliyelala. Konstebo hakumtaja tena Sekoati.

"Ntate Ramosoeu," Puseletso aliita, "zizi lako lilibomoka lini?"

"Theluji ililibomoa."

"Ile theluji uliyokuwa nyumbani?"

Mkuu wa kijiji alikaza pini ya blanketi lake. Watu wake walianza kumwachia nafasi, bila mtu kuwaambia. Wabebaji waliendelea hadi jiwe bapa la mwisho lilipoinuliwa na wote wawili walioliinua wakaliacha na kurudi nyuma.

Baridi ya huko juu huhifadhi vitu. Mtu alikuwa ameketi, magoti yameletwa kifuani, amezungushiwa blanketi, uso umeelekea mashariki. Fuvu lilikuwa limepasuka upande wa kushoto juu ya sikio. Kati ya mifupa ya mkono wa kulia na goti palikuwa na chembe zilizokauka. Puseletso alipiga magoti na kuziokota moja moja kwa kibano: mtama, na mbegu za maboga.

'Maseabata alikuwa ameshafika ukingoni. Lehata alitaka kumzuia, Puseletso akamwashiria amwache. Mama alitazama blanketi, pembe ya chini ambapo palishonwa kwa uzi mwekundu.

"Aliliunguza kwa moto wa jikoni," alisema. "Nilikuwa na uzi mwekundu tu." Akaketi chini hapohapo, juu ya udongo.

Hakuna aliyelia. Sekoati alivua kofia. Watu wa pande zote mbili wakavua, na ugomvi wa nyasi haukutajwa tena siku hiyo.

"Wezi wa mifugo," alisema Lehata kwa sauti ya chini. "Walikuwa wakipita huku msimu ule."

Sekoati ndiye aliyemjibu, bila kucheka. "Mwanangu, mwizi akikuua anakusukuma korongoni, tai wakumalize. Hakukalishi kuelekea mashariki. Huyu ana mbegu za shamba mkononi. Huyu amezikwa na mtu wake."

Puseletso alisimama, akapangusa magoti, akamkabili Ramosoeu. Alikuwa ameshajua. Lakini kujua hakutoshi mahakamani, na alitaka jibu litoke mbele ya watu ishirini.

"Mbegu huwekwa na nani, Ntate?"

"Mkubwa wa ukoo."

"Kama baba wa marehemu alishakufa?"

Ramosoeu alitazama vidole vyake viwili vifupi.

"Mjibu mtu, Ntate," alisema Sekoati.

"Mjomba," alisema Ramosoeu.

Baada ya hapo alisema yote, kwa sauti ileile ya kusuluhisha ndoa. Kijana alifika na unga kabla ya theluji. Zizini alikuta kondoo arobaini wasio wa mjomba wake, masikio yamekatwa upya kufuta alama za wenyewe, damu bado mbichi. Alisema atakwenda kituoni. Wakabishana, kijana akageuka aondoke, na fimbo ikampata. Ramosoeu alisema ilimpata, kana kwamba fimbo ilitoka yenyewe. Puseletso alimkatiza amwambie nani aliishika. Akasema mimi.

Ardhi ilikuwa imeganda, jembe liliruka kama limepiga chuma. Alikaa na maiti siku tisa. Mwishowe akatoa mawe kwenye ukuta wa zizi akamjengea kaburi hapa kipitoni, kwa kuwa mwanamume huzikwa karibu na zizi na yeye hakuwa na njia ya kumfikisha nyumbani. Mbegu alizitoa kwenye mfuko wake wa akiba. Kisha akaogopa. Akachukua ng'ombe wake wawili na gari la kuburuta, akahamisha sefika, jiwe kwa jiwe, siku sita, akaliweka juu.

"Kwa nini sefika?" Puseletso aliuliza. "Mlima umejaa mawe."

"Rundo jipya lingeulizwa. Rundo la zamani haliulizwi na mtu, kila mtu anaongeza jiwe na kupita."

"Hukufikiri habari ya mpaka?"

"Nilifikiri baadaye, walipoanza kupigana. Nilishindwa kusema limehama. Ningeulizwa nimejuaje."

Kwa hiyo mtu alipoteza jicho, na yeye akakamata ng'ombe wa jirani ili aonekane amekasirika kama wengine. Puseletso aliandika hilo pia, kwa herufi ambazo karibu zitoboe karatasi.

Ramosoeu alimgeukia dada yake kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Nilimzika vizuri," alisema. "Sikumtupa. Nilimfanyia yote, dada. Hata nilimlilia."

'Maseabata aliinua uso kumtazama.

"Mwanzoni ulikuwa unanisindikiza kituoni," alisema. "Kila tulipofika hapa ulinishika mkono. Ulikuwa unaniokotea jiwe."

"Ndiyo."

"Uliniambia niliweke, mwanangu atarudi."

"Nilitaka awe na mawe ya mama yake," alisema Ramosoeu. "Nilidhani hilo angalau ninaweza kukupa."

Mwanamume mmoja wa Ha Ramosoeu alitema mate chini na kuondoka, akashuka mlima bila kuaga. Wawili wakamfuata. Lehata alimfunga mkuu wao pingu, na Ramosoeu aliinua mikono kumrahisishia kazi, amenyooka, uso mkavu. Mtu angeweza kumwonea fahari asipojua.

Puseletso alifunika mwili kwa turubai na kuketi kando ya 'Maseabata. Alitaka kumwambia kuhusu ile karatasi ya nne. Badala yake alimwambia utaratibu, kwa sababu huo ndio aliokuwa nao: mwili utakwenda kwa daktari wa wilaya, siku nne hivi, kisha utarudishwa kwa jamaa. Fomu ilitaka sahihi ya mwanamume wa karibu wa ukoo. Alipofika hapo alisita, akaikata mistari hiyo kwa kalamu.

"Utatia sahihi wewe, 'M'e."

"Nitatia. Kwa hiyo Jumamosi tunazika."

"Jumamosi."

"Umlete kaka yangu."

Puseletso alidhani hakusikia vizuri. Alieleza kwamba Ramosoeu sasa ni mtuhumiwa wa mauaji, kwamba atalala kituoni na Jumatatu atafikishwa mbele ya hakimu, na kwamba hata Sekoati mwenyewe angetoa watu wa kuchimba.

"Wachimbaji wapo," alisema 'Maseabata. "Lakini kaburi la mpwa huanzwa na mjomba wake, na nina kaka mmoja tu. Mara ya kwanza alizika kwa wizi. Mwanangu ana mjomba, atazikwa na mjomba wake, mchana, nyumbani, watu wote wakiwepo. Na kabla hajashika koleo atasema kwa sauti anamzika nani na nani alimwua."

Hapo ndipo Ramosoeu alipovunjika. Mtu aliyekiri mauaji bila sauti kutetemeka alianguka kwa magoti kwenye udongo wa kipito, mbele ya watu wa Sekoati, na kuomba. Alimwomba inspekta ampeleke mjini leo, sasa hivi, gereza lolote. Atasaini chochote. Atataja wenzake wa kondoo, wote, hata wale wa ng'ambo ya mpaka. Sheria hairuhusu mtuhumiwa kupelekwa kijijini kwake, alisema, 'M'e Inspekta unajua, hairuhusu.

Alisema kweli. Kanuni zilimpa Puseletso sababu tano za kukataa, na bosi wake angeongeza ya sita. Hao wenzake wa kondoo peke yao wangeweza kumpandisha cheo.

'Maseabata hakumtazama kaka yake. Alikuwa akiweka vizuri ncha ya turubai iliyoinuliwa na upepo.

"Na pingu umfungue siku hiyo," alisema. "Mtu hachimbi na pingu."

Lehata alisubiri, daftari mkononi. Alikuwa ameanza kuandika vitakavyohitajika kama inspekta angekubali: askari wanne, gari, pingu mbili.

"Futa pingu," alisema Puseletso. "Andika koleo."